Makoti Mawili Mlangoni

MAELEZO YA SHAHIDI

Shauri: Kifo cha mfanyakazi ndani ya chumba cha kugandishia
Jina la shahidi: limo kwenye jalada. Kazini anafahamika kama Mama Mizani
Umri: miaka 47
Kazi: mpima mizigo, ghala la baridi la nyama na samaki
Makazi: chumba cha kupanga, nyumba ya pili baada ya karakana ya magodoro
Uhusiano na marehemu: shemeji. Marehemu alimwoa mdogo wake wa tumbo moja

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Ninatoa maelezo haya kwa hiari yangu, nikiwa na akili zangu timamu. Afande amenionya kwamba nikisema uongo nitashtakiwa. Nimemjibu kwamba kama ningetaka uongo ningebaki nyumbani, maana kukaa kimya ndiko nilikoombwa na wenye ghala.

Huu ni mwaka wangu wa nane katika ghala hilo. Ninapima maboksi yanapoingia na yanapotoka, na mizani ikitulia ninasaidia kupanga ndani. Marehemu nilimwombea kazi mimi mwenyewe, mdogo wangu alipochoka kumwona akishinda nyumbani anatengeneza redio ambazo hazijaharibika. Kazini tulimwita Pasi kwa sababu mwili wake ulikuwa na moto muda wote. Wenzake wakitoka chumba cha kugandishia wanatetemeka, yeye anajipepea. Mimi aliniita shem, na hakuwa ananipita bila utani. Alikuwa anawaambia madereva kwamba mizani ya ghala ni nzima kabisa, ila nikipanda mimi inasingizia ugonjwa. Mwanzoni nilimvumilia kwa ajili ya mdogo wangu, baadaye nikamzoea, na mwisho nikampenda kama kaka yangu. Hilo naomba liandikwe kama nilivyolisema.

Ili nieleweke, lazima nieleze kwanza habari ya makoti.

Chumba cha kugandishia hakiingiliki bila koti zito. Kila mfanyakazi ana lake, lina namba mgongoni na linatundikwa kwenye msumari wenye namba hiyo hiyo, katika ukumbi mdogo ulio mbele ya mlango. Miezi sita iliyopita walikuja mafundi wakashona chipu ndani ya kola ya kila koti. Ni kidude bapa, hakizidi kifungo cha shati, hakina betri wala hakiwaki taa. Pale mlangoni, kwa upande wa ndani, walisimamisha vyuma viwili, kimoja kulia na kimoja kushoto. Ukipita katikati, vyuma vinaisoma chipu ya koti lako, mashine inalia mara moja, pale mlangoni na getini kwa mlinzi, na jina lako linatokea kwenye skrini yake kwamba umeingia au umetoka. Maboksi nayo yana chipu zake, ila zao ziko ndani ya stika ya karatasi.

Mashine hiyo inahesabu watu walio ndani. Akiwamo hata mmoja, taa ya juu ya mlango inakuwa ya kijani. Hesabu ikifika sifuri taa inakuwa nyekundu, na baada ya dakika chache balbu za ndani zinazimika na mlango unajifunga. Meneja alituambia ni kwa usalama wetu na kwa kupunguza umeme. Nadhani umeme ndio uliotangulia.

Kabla ya chipu tulikuwa na utaratibu wetu. Anayefunga mlango lazima aingize kichwa ndani na kuita mara tatu, "Kuna mtu?" Hata kama ameona kwa macho yake kwamba hakuna. Tulikuwa tunachekana sana kwa kuita chumba kitupu, lakini tuliita. Ilipokuja mashine tukaacha. Hakuna aliyetukataza. Tuliona aibu tu kupiga kelele mbele ya kitu kinachojua kuhesabu.

Ndani kulikuwa pia na kitufe kikubwa cha kufungulia mlango kwa dharura. Kiligongwa na toroli kikavunjika. Tulisema, tukajibiwa kwamba kipya kimeagizwa, na kwamba hata hivyo mashine haiwezi kumfungia mtu kwa kuwa inajua nani yumo. Hayo aliyasema meneja mbele yetu wote, amesimama pale pale mlangoni.

Tulikatazwa kuazimana makoti. Tuliazimana. Makoti mengine yamekufa zipu, mengine yamelowa, na mtu mwenye homa hawezi kuvaa koti bichi. Ila tulikuwa na sheria yetu wenyewe ili mashine isichanganyikiwe: ukimwazima mtu koti lako, mnaingia pamoja na mnatoka pamoja, mmeshikana bega. Vijana walikuwa wanaita harusi. Ukiwaona wawili wanatoka namna hiyo unajua mmoja kavaa la mwenzake.

Mnamo siku ya Jumatano, tarehe 9 mwezi huu, nilirudi kazini baada ya kuugua kichomi. Nilikuwa bado nakohoa. Baada ya chakula cha mchana msimamizi alinipanga na Pasi tukapange samaki ndani. Kulikuwa na mwenzetu wa tatu, ambaye alimaliza upande wake akatoka mapema. Tukabaki wawili.

Koti langu lilikuwa na zipu mbovu na kifua kilianza kunibana. Nilijikaza lakini Pasi aliniona. Akavua koti lake akanivika juu ya langu. Nikamwambia alichukue, atapata baridi. Akasema, "Shem, vaa bwana. Ukifa mimi nitaenda kumwambia nini mdogo wako? Nimebakiza mlango mmoja tu, naumaliza huku nakimbia." Mlango ndivyo tunavyoita safu moja ya maboksi. Alibaki na sweta. Nikamwambia basi tutoke pamoja. Akasema, "Harusi tena? Mkeo wangu atanisikia." Ndivyo alivyosema, "mkeo wangu", alikuwa anapenda kuvuruga maneno kwa makusudi ili nicheke, na nilicheka mpaka nikakohoa.

Akaenda nyuma ya rafu za mwisho. Simwoni lakini namsikia anaburuta maboksi na kupiga mluzi.

Ilipofika kama saa tisa na robo alasiri msimamizi aliniita kwa sauti ya juu kutoka mlangoni. Kulikuwa na gari limeshusha nyama, mizani imegoma, dereva anatukana. Akasema, "Mama Mizani, mbio, huyu mtu atatuvunjia ofisi!" Nikaita, "Shem, naitwa!" Pasi akajibu kutoka nyuma, "Nenda, nakuja!"

Nikaenda. Nilipopita kwenye vyuma mashine ililia mara mbili. Niliisikia. Sitaki kusema sikuisikia. Nilijua ni koti langu na lake, na kichwani nikasema Pasi yuko nyuma yangu, anakuja. Msimamizi alikuwa ananivuta mkono. Nilivua makoti yote mawili ukumbini. La kwangu nikalitundika kwenye namba yangu na la kwake kwenye namba yake. Nikalifunga na zipu, kwa sababu alikuwa hapendi koti lake likae wazi kifua kama mtu amelewa.

Mizani ilinichukua muda mrefu. Kebo ilikuwa imeliwa na panya na dereva hakuacha kusema. Niliporudi ukumbini ilikuwa inakaribia saa kumi, muda wa kutoka. Taa ilikuwa nyekundu, mlango umefungwa. Koti la Pasi liko kwenye msumari wake, kama nilivyoliacha. Nikajisemea, huyu keshatoka, hata kunisubiri hakunisubiri. Ndivyo nilivyofikiri, afande, na nimefikiri tena kila siku tangu hapo ni kwa nini nilifikiri hivyo. Koti nililitundika mimi. Lakini taa ilikuwa nyekundu, na kwa miezi sita nimefundishwa kwamba taa ikiwa nyekundu ndani hakuna mtu. Nikaiamini taa. Viatu vyake na simu yake vilikuwa kwenye chumba cha wanaume cha kubadilishia nguo, ambako mimi siingii. Nikaenda zangu nyumbani.

Saa moja jioni mdogo wangu alinipigia simu. Akasema, "Dada, baba watoto hajarudi, na simu yake inaita tu haipokelewi." Nikamuuliza yuko wapi. Akasema yuko getini kwa ghala, amewaacha watoto kwa jirani. Nikamsikia akimuuliza mlinzi, na mlinzi akijibu, "Mama, mumeo katoka saa tisa na robo. Hii hapa, soma mwenyewe."

Wiki hiyo walikuwa wamegombana kwa ajili ya mwanamke mmoja anayeuza vocha za simu karibu na kwao. Mimi nilikuwa najua na sikuona kitu pale zaidi ya maneno. Lakini mdogo wangu alianza kulia kwenye simu. Akasema, "Kumbe ametoka tangu saa tisa. Yuko kwake. Dada, mimi nimekosa nini?"

Wakati anasema hayo nilisikia nyuma yake mlio wa mashine. Mara moja, kimya kidogo, mara nyingine. Ulikuwa unarudia rudia. Nikamuuliza hiyo ni nini. Akasema, "Sijui, mashine yao inalialia tu tangu nifike." Mlinzi nikamsikia akisema, "Ni maboksi hayo, ina wazimu wake," na mlio ukapunguzwa sauti. Walinzi walikuwa wameelekezwa hivyo. Chipu ya koti ikilia nje ya saa za kazi wachukue hatua. Ya boksi ikilia waache, kwa sababu boksi likikaa karibu na vyuma husomwa ovyo.

Mimi nikamwambia mdogo wangu maneno haya, na naomba yaandikwe neno kwa neno: "Mashine imesema katoka, basi katoka. Mashine haina sababu ya kumfichia siri. Rudi ukalale, akirudi kesho tutamwekea kikao." Akasema haya dada. Akarudi nyumbani. Kuanzia utotoni mimi nikimwambia rudi, anarudi.

Siku ya Alhamisi, tarehe 10, nilifika kazini saa moja asubuhi. Pasi hakuwepo kwenye mstari. Nilikuwa na hasira naye, nimepanga na maneno ya kumwambia. Mtunza ghala akafungua mlango kwa kadi yake. Ulifunguka nusu ukakwama, kuna kitu kimeuzuia kwa ndani. Taa za ndani zikawaka.

Pasi alikuwa ameketi chini, mgongo kwenye chuma cha kulia. Alikuwa amejizungushia maboksi aliyoyakunjua na nailoni ya kufungia mizigo, na soksi zake amezivaa mikononi. Mkono mmoja alikuwa ameuinua, umeegemea chuma. Ndani ya mkono huo kulikuwa na stika ya boksi. Chini yake zilikuwa nyingine nyingi, zimebanduliwa, zimelundikwa vizuri kama anavyolundika kila kitu. Kucha zake zilikuwa zimeng'oka baadhi.

Sikulia hapo hapo. Nilianza kumwita kwa jina lake la kazini, nikimwambia aamke, tutoke wote. Msimamizi akanishika.

Nilielewa zile stika nilipoziona. Kitufe kimevunjika, mlango mzito, hakuna wa kumsikia akigonga, giza. Yeye alikuwa mtu wa kufungua redio. Alijua vyuma vile vinasoma hata mlango ukiwa umefungwa, na alijua kila kinachosomwa kinatokea kwenye skrini ya mlinzi. Hakuwa na koti. Kwa hiyo alikwenda kwenye rafu akipapasa, akabandua stika, akarudi nayo, akaipitisha kwenye vyuma. Boksi limetoka, boksi limeingia, boksi limetoka. Alikuwa anaita.

Ule mlio niliousikia kwenye simu ya mdogo wangu ulikuwa yeye.

Walipomtoa kwa machela, stika ile imeshatolewa mkononi mwake, walimpitisha katikati ya vyuma na mashine ikalia kwa makoti ya waliombeba tu, kwake haikulia. Hakuwa na kitu cha kusomwa. Mtunza ghala alipotaka kufunga mlango nikajikuta nimeingiza kichwa ndani nimeita, "Kuna mtu?" Nikaita mara tatu. Wenzangu wote walisimama mpaka nikamaliza.

Siku hiyo hiyo mchana meneja alituita ofisini kwake. Alikuwa na karatasi iliyotoka kwenye mashine. Akasema mashine inaonyesha marehemu alitoka saa tisa na robo, na koti lilikutwa limetundikwa, kwa hiyo alitoka, akavua koti makusudi ili asihesabiwe, akarudi kwa kuvizia kabla mlango haujajifunga. Akasema stika zilibanduliwa ili maboksi yapitishwe bila kusomwa. Akasema, "Huyu alikuwa anaiba, na wizi umemuua." Hakupandisha sauti. Alisema kama mtu anayesoma hali ya hewa.

Nikamwambia koti lile nilitoka nalo mimi. Akanitazama, akawaambia wengine watoke. Tulipobaki wawili akasema, "Mama Mizani, wewe ni mtu mzima. Ukisema ulivaa koti la mtu, umekiri kuvunja kanuni, na kwa lugha nyingine umemfungia shemeji yako. Nani anafaidika? Kaa kimya, kazi yako ipo." Nikamwambia nitafikiri. Na kweli nilifikiri, siku nzima ya Ijumaa.

Habari ya wizi ilifika mtaani kabla ya maiti kufika mochwari. Mtoto wa kwanza wa marehemu alirudi kutoka shuleni akamuuliza mama yake baba aliiba samaki wangapi. Mdogo wangu hakunijia mimi kuuliza kama ni kweli. Alikwenda mochwari na blanketi la kitandani kwao, akamwomba mhudumu amfunike, kwa sababu kule nako kuna baridi. Mhudumu alilipokea bila kubisha. Mdogo wangu akatoka nje nilikokuwa namsubiri, akaniambia, "Dada, hata kama aliiba, sitaki apate baridi tena." Hapo ndipo nilipoamua kuja kituoni.

Mdogo wangu anajua nilikuwa zamu moja na mumewe. Hajui kwamba koti lilikuwa mabegani mwangu. Hajui ule mlio ulikuwa nini. Anadhani alisimama pale getini akamlaani mume aliyekuwa kwa mwanamke mwingine, na sasa anadhani alikuwa mwizi. Amepewa waume wawili wabaya ndani ya siku mbili na hakuna hata mmoja aliyekuwa wake. Wa kwake alivua koti akampa dada yake.

Nimeulizwa kama marehemu alivua koti kwa hiari yake. Ndiyo, kwa hiari yake, kwa sababu nilikuwa nakohoa. Nimeulizwa kama alitoka chumbani wakati wowote baada ya saa tisa na robo. Hakutoka. Kilichotoka ni makoti mawili na mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi. Nimeulizwa kama nina ugomvi na meneja. Sikuwa nao.

Mdogo wangu yuko nje kwenye benchi. Amenisindikiza akidhani nimekuja kueleza habari ya zamu tu. Naomba kabla sijatia saini aitwe ndani, maelezo haya yasomwe naye akisikia. Kumwambia kwa mdomo wangu nimejaribu mara kadhaa nikashindwa. Afande asome yeye.

Niliyoyaona, niliyoyasikia na niliyoyatenda ndiyo hayo. Sina la kupunguza.

Saini ya shahidi: (imetiwa)

MAELEZO YA AFISA ALIYEANDIKA

Nimeandika maelezo haya kituoni leo Jumamosi, tarehe 12, kuanzia saa nne asubuhi. Nimemsomea shahidi kwa sauti, na kwa ombi lake mdogo wake, mjane wa marehemu, aliitwa na kusikiliza akiwa ameketi. Shahidi hakurekebisha chochote, ametia saini mbele yangu.

Mjane hakuuliza neno kuhusu koti. Aliomba nirudie kusoma sehemu moja, ile ya mlio wa getini. Nilirudia. Kisha akamuuliza dada yake kama mashine ilikuwa bado inalia wakati yeye anageuka kuondoka. Shahidi alisema hajui, simu ilikuwa imeshakatika. Mjane akaniuliza mimi. Nilimweleza kwamba swali hilo ataulizwa mlinzi wa zamu, ambaye ameitwa kufika hapa Jumatatu saa tatu asubuhi.

Mjane amesema atakuja kumsubiri.